Nambari za Gambuti

Alhamisi, Julai 2006. Kitengela.

Baridi. Jua halijatoka tangu asubuhi na manyunyu yamelaza vumbi la barabara ya Namanga. Niko saiba, kompyuta ya pembeni kabisa, na ninaandika kwa mkono wa kushoto peke yake. Wa kulia umeshonwa nyuzi kumi na moja na umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo. Nikikosea herufi, mtanisamehe.

Leo nimeona mtu akipigwa mateke ndani ya mtaro wa damu, na nilijua alama za kila mguu uliompiga.

Hiyo sentensi nimeifuta mara mbili, na mara mbili nimeirudisha. Ibaki.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni mwanafunzi wa saikolojia, shahada ya pili, na utafiti wangu ni kuhusu unyogovu, wasiwasi na msongo wa mawazo kwa watu wanaofanya kazi kichinjioni. Kichinjio chenyewe sikitaji. Kiko Kajiado hii hii, inatosha. Nilikichagua kwa sababu nilifanya kazi humo miaka minne, tangu tisini na sita hadi elfu mbili, nikiosha matumbo. Jioni nilikuwa naenda darasani na mikono inayonuka mavi ya ng'ombe, wenzangu wananiachia benchi nzima. Sikuwa na mjomba ofisini. Kila cheti nilicho nacho nimekitoa kwenye yale maji machafu.

Profesa wangu alipoona mada aliuliza kama wachinjaji wanaweza kweli kueleza hisia zao. Nilimjibu kwamba wanaweza sana, ila hakuna mtu amewahi kuwauliza. Nilitembea na hilo jibu wiki nzima kama mtu amevaa koti jipya.

Leo natamani ningewaacha bila kuulizwa.

Nieleze kazi ilivyo, maana bila hiyo hamtaelewa nilichofanya. Fomu ina maswali ishirini na moja. Saba ya unyogovu, saba ya wasiwasi, saba ya msongo. Kila jibu ni sifuri hadi tatu. Mtu anajaza mara ya kwanza, halafu baada ya wiki mbili anajaza tena, nami nalinganisha karatasi zake mbili. Jina haliandikwi. Kunaandikwa nambari ya siri inayotolewa na kompyuta, na orodha ya majina inafungiwa kwenye sanduku.

Basi nilianza hivyo hivyo, kama kitabu kinavyosema. Nikawapa nambari za kompyuta, kila mtu na kikaratasi chake. Kwenye jaribio la kwanza karatasi zililowa damu mifukoni, zikafuliwa na suruali, zingine zikawashiwa sigara. Nikirudi nauliza nambari, mtu ananiangalia tu. "Daktari, mimi hiyo kitu nimesahau. Si uandike tu ile yangu ya kawaida?"

Ile yake ya kawaida ni nambari ya gambuti.

Pale kichinjioni kila mtu ana gambuti zake, viatu virefu vya mpira, na kila jozi imeandikwa nambari kwa rangi nyeupe, kubwa, mbele kwenye ugoko, ili zisiibwe wala zisichanganywe. Ukikaa miezi miwili nambari inakuwa jina. Hakuna mtu hukuita kwa jina la nyumbani. Mimi nilikuwa Thelathini na Moja. Hata leo nikipita pale kuna wazee hunisalimia hivyo. "Thelathini na Moja! Umeosha mikono?"

Kwa hivyo nilifanya jambo la mtu mwerevu. Nikatupa nambari za kompyuta, nikatumia za gambuti. Hakuna aliyesahau tena. Fomu zikalingana. Nikamwandikia profesa kwamba kila mshiriki ana nambari yake ya siri. Hakuuliza nimezitoa wapi.

Nambari zote nitakazoandika hapa nimezibadilisha. Nimejifunza, lakini nimechelewa siku tatu.

Kuna mtu mmoja pale, mchunaji, Mkamba wa upande wa Machakos, mwenye miaka kama arobaini. Nitamwita Fundi, kwa sababu hakuna anayetoa ngozi ya ng'ombe bila kuitoboa kama yeye. Kisu chake hupita kati ya ngozi na nyama kama mtu anavua shati. Nilipokuwa mwosha matumbo ndiye alinifundisha kunoa, na siku nilipotaka kuacha shule ndiye alinipigia kelele mbele ya watu mpaka nikarudi.

Alijaza fomu yangu kwa utaratibu, akisogeza midomo. Unyogovu: kumi na nane kati ya ishirini na moja. Kwenye swali la kama anaona maisha hayana maana, alizungushia tatu, akaizungushia tena. Nikamuuliza kama ana neno la kuongeza.

Akasema, "Ng'ombe ananiangalia. Kichwa kishakatwa, kiko kule kwa meza, mimi nachuna huku, na bado ananiangalia. Nikienda nyumbani sishiki mtoto. Naogopa hii mikono. Siku zingine naona heri hiki kisu kinigeukie tu, tumalizane." Halafu akaniangalia usoni. "Nakuambia wewe kwa sababu ulikuwa hapa. Wewe si mtu wa nje."

Utaratibu unataka mtu kama huyo apelekwe kliniki mara moja. Nilizungumza na muuguzi mmoja hapa mjini, akasema nimlete Ijumaa. Kesho. Nilikuwa nimepanga vizuri. Siku zote mimi hupanga vizuri.

Jumatatu nyapara akanisimamisha mlangoni. Nyapara ni mzee Gitau, mwenye sauti ya kufukuza ng'ombe, na ndiye aliyeniruhusu nitumie saa yao ya chai kujazisha fomu. Alitaka kuona matokeo. Akasema mwenye kichinjio anauliza ni nini hicho ninachoandika wiki nenda wiki rudi.

Nilikuwa nayo kwenye faili. Nilikuwa nimeyachapisha kwa rangi, hapa hapa kwenye hii saiba. Jedwali safi, kutoka alama za juu hadi za chini. Kijani kwa walio sawa, manjano kwa wa katikati, nyekundu kwa hali mbaya, na chini nimeeleza kwamba nyekundu ni mtu aliyechoka kuishi. Nilikuwa nalionea fahari lile jedwali. Nikamwambia, "Mzee, hakuna jina hapa, ni nambari tu." Nikampa kwa mkono wangu.

Akasoma juu. Kisha akateremsha macho, akaanza kutazama miguu ya watu.

Hapo ndipo nilijua. Mimi, Thelathini na Moja, miaka minne nimevaa hiyo nambari kwenye ugoko, na sikuona. Nilikuwa naona safu na mistari. Kwangu ishirini na mbili, nambari ya Fundi, ilikuwa mstari wa kwanza kwenye jedwali. Kwake ilikuwa mtu amesimama hatua sita mbele yake na kisu mkononi.

"Ishirini na mbili! Kuja hapa. Kumbe unataka kufa na hautuambii? Nani atachuna?"

Watu wakacheka. Wengine walicheka kwa sababu nyapara alicheka. Nikamshika mkono nikamwambia, "Mzee, hiyo ni siri." Akaniuliza siri gani, na nimemletea mwenyewe na rangi juu. Akamnyang'anya Fundi kisu mbele ya kila mtu. Akasema mtu wa kichwa mbovu hashiki chuma kwake. Akamtuma kwenye matumbo, kazi ya watoto, kazi niliyoanza nayo mimi.

Fundi alinitazama kidogo, akaenda.

Nami nikaenda. Nilijiambia itapoa. Jumanne na Jumatano sikurudi pale. Nilikuwa nyumbani naingiza data.

Naingiza data!

Leo saa tatu asubuhi nilirudi, kwa sababu leo ilikuwa siku ya fomu za pili za kundi la Fundi. Ng'ombe wa Isinya walikuwa wamechinjwa, sakafu ni nyekundu ukuta kwa ukuta, mvuke unapanda kwenye baridi, ndege marabou wamejipanga juu ya mabati wakingoja. Fundi alikuwa ameinama kwenye tangi la matumbo. Nikaangalia gambuti zake. Mtu alikuwa amezipaka nambari upya, mguu huu na huu, kwa rangi nyekundu.

Rangi ya jedwali langu.

"Nyekundu! Leta maji!" Sasa ndilo lilikuwa jina lake. "Maze Nyekundu, ukijinyonga niachie gambuti, ni saizi yangu." "Usitumie kamba ya kazi, buda, tunahitaji kamba." Walisema huku wanafanya kazi, bila hasira, kama watu wanapiga soga. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Nyapara akaniona. Akampiga Fundi mgongoni na fimbo, si kwa nguvu, vile unamgusa ng'ombe aingie zizini. "Daktari yako amefika. Mwambie ni siku gani unakufa, tupange shifti."

Fundi akanyoosha mgongo. Akafuta mikono kwenye aproni, upande huu, upande huu, polepole. Halafu akachomoa kisu kiunoni mwa jirani yake.

Ilichukua muda mfupi kuliko kuisoma. Pigo la kwanza lililenga shingo, nyapara akainua mkono, kisu kikafungua mkono kuanzia kiwiko mpaka karibu na saa. Niliona mfupa, mweupe kabisa, kabla damu haijaufunika. Nyapara alipiga kelele kama mnyama. Pigo la pili lilikuwa linashuka, nami nikakidaka kisu. Sikudaka mkono wa Fundi, nilidaka chuma chenyewe. Nilihisi kikipita kwenye kiganja kama uzi wa moto.

Fundi akavuta, kisha akaona ni nani amekishika.

"Ni wewe," akasema.

Akaachilia. Angeweza kunikatia vidole vyote, anajua kona za kisu kuliko mtu yeyote Kajiado. Alifungua ngumi akaacha kisu kibaki mkononi mwangu.

Ndipo walimwangukia.

Walianza na vyuma vya kunolea. Kimoja kilimpata kwenye sikio na sikio likapasuka. Akateleza akaingia mtaroni, ule wa damu, na walipomwona chini wakaacha vyuma wakatumia miguu. Mimi nilikuwa nimeanguka kando, nimekaa kwenye maji, nimeshika kiganja changu. Uso wangu ulikuwa usawa wa magoti yao. Sikuona sura ya mtu yeyote. Niliona gambuti.

Nikahesabu. Huo ndio ugonjwa wangu.

Nambari kumi na saba, wasiwasi wa hali ya juu, halali bila kuangalia mlango mara tatu: mateke manne, mbavuni. Nambari nane, aliyeniambia kwamba mke wake akidondosha sufuria yeye hutetemeka mpaka alale: matatu, na la tatu la kisigino. Nambari arobaini, unyogovu kumi na saba, pointi moja tu chini ya Fundi, moja tu. Huyo alimpiga zaidi ya wote. Tisa. Alikuwa analia akipiga. Nilisikia kilio chake juu yangu na teke lake mbele yangu, na nikaelewa kwamba anapiga ile nambari iliyo juu yake kwenye orodha, ili isiwe yake.

Nambari tano alikuwa kijani. Sawa kabisa kwa kila swali. Alipiga mawili ya kichwa, akaenda kunywa maji.

Mateke kumi na nane kwa jumla niliyoyaona. Kuna ambayo sikuyaona.

Mkaguzi wa nyama ndiye aliyewatawanya, alifungua mpira wa maji ya moto akawamwagia bila kuchagua. Fundi alipotolewa mtaroni jicho moja lilikuwa limezibika na alikuwa anapumua kwa sauti ya gunzi linalokwaruza bati. Polisi walimchukua hivyo hivyo, na aproni, na gambuti zake nyekundu.

Nilishonwa zahanati, kisha nikaitwa kituoni kuandika taarifa. Nyapara alikuwa amefika kabla yangu, mkono umefungwa mbao. Juu ya meza ya polisi kulikuwa na jedwali langu. Limekunjwa mara nne, lina alama ya kidole cha damu, lakini rangi zote zilionekana.

"Hii karatasi ni yako?" polisi akaniuliza. "Inasema huyu jamaa ni mwendawazimu, sivyo? Yuko hapa juu kabisa."

Nilimwambia haisemi mtu ni mwendawazimu. Inapima huzuni.

"Sasa huzuni ya kumi na nane ni nyingi ama ni kidogo?"

Nikasema ni nyingi.

"Basi hapo tumeelewana, daktari." Akaiweka kwenye faili. Kesho Fundi anapelekwa mahakamani Kajiado kwa kujaribu kuua, na hiyo karatasi inaenda naye. Itasomwa kwamba hata kabla ya leo alikuwa mtu hatari, na kwamba mtaalamu alishathibitisha.

Mahali pa kueleza chanzo cha ugomvi niliandika: sijui.

Niliandika kwa mkono wa kushoto, herufi mbaya za mtoto wa darasa la kwanza. Neno moja. Nikatia sahihi.

Nje ya lango nilimkuta mke wa Fundi, Mama Mutheu. Ameshika sweta ya kiume na flaski ya chai, na askari walikuwa wamemkatalia kuingia. Ananijua tangu nilipokuwa nakula kwake Jumapili. Hakulia wala hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Daktari," akasema, na yeye hajawahi kuniita hivyo, "wewe ulimuuliza nini mume wangu? Kwa maana tangu Jumatatu haongei. Analala na viatu."

Nikamwambia naharakisha, mkono unauma.

Kweli ulikuwa unauma. Nilitumia ukweli huo mdogo kukimbia.

Kwa njia nikampigia profesa. Sauti yake ilikuwa ya upole, akauliza kama nimeumia sana, akauliza kama yule mtu atapona. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia na hakunipa nafasi. Halafu akauliza, "Sasa nyapara alimjuaje? Zile nambari ulizitoa wapi?"

"Kwa kompyuta," nikasema.

Basi hiyo ni hesabu ya leo. Mtu mmoja amekatwa, mmoja amevunjwa mbavu, na mimi nimedanganya mara mbili kabla ya saa tisa.

Najua ukweli utanigharimu nini, sihitaji kuambiwa. Kamati ya maadili ya chuo itafuta kila fomu. Miaka mitatu. Sura nne zilizoandikwa, mbili zilizobaki. Huenda nikafukuzwa, na watasema tulijua, ulitarajia nini kwa mtu wa matumbo. Hao wanaosema hivyo hawajawahi kushika kitu kizito kuliko kalamu. Nikifikiria sura zao nataka kuvunja hii kibodi. Nimekaa hapa saa nzima nikitafuta njia ambayo Fundi anatoka na mimi nabaki. Nimepiga hesabu kila upande. Haitoki.

Kwa sababu kitu pekee kinachomfanya Fundi aonekane mtu aliyechokozwa, na si kichaa aliyeamka siku moja akashika kisu, ni mtu mmoja kusimama na kusema jinsi siri yake ilivyofika mlangoni. Nyapara hatasema. Arobaini hatasema. Wote waliopiga wana kila sababu ya kunyamaza.

Nimebaki mimi.

Mkono umeanza kudunda, dawa ya ganzi inaisha. Kwenye dirisha lingine la hii kompyuta kuna barua kwa profesa. Ni mistari sita. Nimesema nambari zilikuwa za gambuti, nimesema nilijua ninavunja utaratibu, nimesema nilimpa nyapara jedwali mwenyewe, na nimesema nilimdanganya leo kwa simu. Nimemwomba anisaidie muuguzi yule wa Ijumaa aje mahakamani badala ya kutungoja kliniki. Sikuomba msamaha, si kwa kiburi, ni kwamba profesa siye ninayepaswa kumwomba.

Nimeituma. Nimeona imeondoka.

Nikitoka hapa narudi kituoni kufuta lile neno moja na kuandika mengine mahali pake, hata kama itachukua kurasa tatu za mkono wa kushoto. Kisha naenda kwa Mama Mutheu kabla hajazima jiko. Nitamwambia nilimuuliza mume wake kama maisha yana maana. Kwamba alinijibu ukweli, kwa sababu nilikuwa mtu wake. Na kwamba nilichukua jibu lake nikalipaka rangi, nikalipeleka kwa nyapara.

Asubuhi nitapanda naye gari la Kajiado, kama atakubali nikae kiti kimoja naye. Asipokubali, nitapanda la nyuma.